Vibuyu vya Zumbwara

Nchi ya Zumbwara haikuwa na jeshi wala magereza, na haikuyahitaji, kwa maana watawala wake walishika kitu ambacho binadamu hawezi kukikimbia: roho za wafu wake. Mtu alipokuwa anakata roho, Watunzaji, ndio watawala wenyewe, wenye kanzu za hariri na matumbo yaliyonenepa kwa jasho la wengine, walimkingia pumzi ya mwisho kwa kibuyu, wakakifunga mdomo kwa kitambaa cheupe na kukipandisha kilimani, katika Jumba la Pumzi. Kwa nini pumzi isipenye kitambaa, hilo halikuulizwa. Siku ya kusikiliza, raia mtiifu aliweka sikio kwenye kibuyu cha mpendwa wake, akasikia mvumo mwembamba, akalia, akashuka kuwalimia Watunzaji mashamba yao. Aliyegoma alinyimwa kusikiliza. Sijui kiboko kinachouma kuliko hicho.

Ndicho kilichompata Siyawezi, mjane aliyefiwa na bintiye wa pekee, Mashavu. Alikosa kwenda shamba kwa kuvimba mguu, akafungiwa mlango wa Jumba. Siku ya kusikiliza ilipofika akapanda hivyo hivyo, akichechemea, hadi chumbani kwa Mtunzaji Mkuu, Dumilia, aliyekuwa mahututi kitandani.

"Shikamoo, Mtukufu."

"Marahaba. Unataka nini, mama?"

"Nimsikie mwanangu, baba. Kidogo tu. Mguu umepona, nitalima."

Dumilia akamwonyesha kibuyu kitupu kando ya kitanda.

"Sikiliza hicho."

Siyawezi akasikiliza. Ulikuwa mvumo ule ule wa Mashavu, haukupungua wala kuzidi.

"Ni nani huyu?"

"Si mtu. Ni kibuyu changu cha maziwa. Chochote chenye uwazi ndani huvuma."

Wapo wanaosema elimu ni nuru. Siyawezi ilimwingia kama mwizi, ikakomba nyumba nzima, isimwachie hata mkeka wa kulilia. Aliketi sakafuni.

"Basi mwanangu yuko wapi?"

"Ningejua, ningekuwa naogopa hivi?" Kikohozi kikamshika mzee, macho yakamtoka, akamdaka mkono. "Nikingie!"

"Si umesema hamna kitu?"

"Nimesema. Nikingie, mama, nakuomba!"

Alimchukia, wala sioni cha kumlaumu. Hata hivyo hakuweza kumnyima mtu anayekufa kile alichofanyiwa mwanawe. Akakishika kile kibuyu cha maziwa kinywani mwake, pumzi ikatoka, na haikurudi tena.

Alipotoka nje, Watunzaji walikuwa wamepiga magoti uani, na nyuma yao raia waliokuja kusikiliza. Walipokiona kibuyu, wakaangua kilio. Naibu wa Dumilia, ambaye tayari alikuwa akikitazama kiti cha marehemu, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote:

"Mtukufu anasema nini?"

Siyawezi akaweka sikio.

"Anaomba afunguliwe," alisema. "Yeye na wenzake wote mliowafungia humo."

Kilio kikakatika. Watunzaji wakatazamana, hakuna aliyethubutu kusema kwamba kibuyu hakisemi. Raia wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakiligeukia Jumba, na haikujulikana kama wanakwenda kuwafungua wafu wao au kuwalinda wasifunguliwe. Siyawezi peke yake alibaki palepale, sikio kibuyuni, akitamani ayaamini maneno yake mwenyewe.