Nyimbo Mia Tatu na Kumi na Mbili za Marelvis

Jumanne saa tisa alasiri, jua la mji wa Barranquilla likiwa bado linachoma lami, Etelvina Barrios aliifunga kompyuta ya bintiye kwa kitambaa cha meza, akaibeba kifuani hadi kwa fundi Dagoberto, mtaa wa pili. Ilikuwa kompyuta ya zamani, nzito, na feni yake ilikuwa imeanza kukoroma.

"Nataka nyimbo zihame," alisema. "Mashine hii inakufa. Zipeleke kwenye mpya, kwenye programu yoyote ile, mradi zilie."

Dagoberto alikuwa akila soseji kwa ndimu. Alijifuta vidole. "Ziko ngapi, mama?"

"Mia tatu na kumi na mbili. Za Marelvis."

Fundi alimfahamu Marelvis, kama mtaa mzima ulivyomfahamu. Alikuwa akiuza dawa kwenye famasi ya kona, na kila akipokea mshahara alinunua nyimbo kwenye duka moja la mtandaoni, moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayechagua nyanya. Alikufa mwezi Juni kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka ishirini na sita. Tangu hapo, kila wimbo wake ulipopigwa kwenye kompyuta ile, alitoka jikoni nywele zikiwa zimelowa na kunukia sabuni, akaketi kwenye kiti cha kubembea na kupiga soga na mama yake mpaka wimbo ukaisha. Ukiisha, kiti kilibaki kitupu.

"Anakuja kwa nyimbo zote?" fundi aliuliza, huku akiandika kwenye daftari.

"Alizonunua tu. Zile alizopewa na wenzake, haji mtu."

"Basi ni zile za kufuli la duka," alisema Dagoberto. "Za kufuli ndizo zenye jina lake ndani. Kesho nakuja kwako na mashine zote mbili."

Alikuja. Eliécer Charris, babake Marelvis, mstaafu wa bandarini, alimkaribisha kahawa kisha akatoka uani kumwagilia maua. Ndivyo alivyofanya kila muziki ulipotaka kuanza. Tangu Juni alikuwa hajamwona binti yake hata mara moja, na maua yalikuwa yameanza kuoza mizizi.

Programu mpya ilizipanga nyimbo zote vizuri, kila moja na kikufuli kidogo pembeni. Ukiubonyeza wimbo, kimya. Maandishi yalitaka ruhusa ya mwenye akaunti. Duka lenyewe lilikuwa limefungwa tangu Januari, lakini simu yao bado iliita, na msichana mpole akapokea.

"Samahani, mama. Anayetakiwa kuthibitisha ni mwenye akaunti mwenyewe."

"Subiri nikuitie," alisema Etelvina, akapiga wimbo wa dakika nne kwenye mashine ya zamani.

Marelvis alitoka jikoni, akaupokea mkono wa simu, akataja majina yake yote na namba ya kitambulisho bila kubabaika.

"Namba hii ni ya marehemu," alisema msichana.

"Ndiyo. Ni mimi."

"Pole sana, dada. Ila marehemu hana akaunti. Usikate simu, nimuulize msimamizi."

Muziki wa kusubirisha ukaanza. Haukuwa wake. Marelvis alisimama na simu sikioni, akiutazama mstari wa wimbo ukielekea mwisho kwenye skrini.

"Wananisubirisha, mama," alisema, na simu ikaanguka juu ya kiti.

Msimamizi aliposhika simu alimkuta Etelvina. Alimweleza kwa adabu kwamba alichonunua binti yake si nyimbo. Alinunua ruhusa ya kusikiliza, na ruhusa hairithiwi.

Dagoberto alimaliza kahawa yake iliyokwisha kupoa. "Kuna njia ya kuzunguka," alisema. "Tunazichoma kwenye diski, kama za kusikiliza ndani ya gari. Kisha programu mpya inazisoma kutoka kwenye diski. Kufuli linadondoka. Ila na jina lake linadondoka, mama, na kuna kitu hupotea njiani."

"Kitu gani?"

"Siwezi kukudanganya. Sijui."

Kazi ilichukua siku tatu na diski ishirini na moja. Ijumaa alasiri walijaribu wimbo wa kwanza kwenye mashine mpya. Marelvis alitoka jikoni. Nywele zake zilikuwa kavu na hakunukia sabuni. Aliketi, akajibembeza, akawa anaimba polepole huku akitazama dirishani.

"Mwanangu," alisema Etelvina.

Hakugeuka. Mama alimshika bega, na bega lilikuwa na joto. Alimwita tena, kwa jina la utotoni, kisha kwa sauti ile aliyokuwa akimwamshia shule. Marelvis aliimba kiitikio chote mpaka mwisho, akatoweka.

Dagoberto alikusanya diski zake taratibu. "Mwili umehama," alisema. "Masikio yamebaki kwenye kufuli."

Eliécer alikuwa amesikia yote kupitia dirisha la uani. Aliingia, mikono ikichuruzika maji.

"Ile ya zamani bado inawaka?"

"Inawaka," alisema fundi, "lakini usiitegemee."

"Nipigie ulio mrefu kuliko zote."

Ulikuwa wimbo wa salsa wa dakika tisa. Dagoberto aliubonyeza, akaaga. Etelvina alisogea nyuma, akasimama kwenye mlango wa jikoni, na Marelvis akampita akiwa ananukia sabuni.

"Kha! Baba! Leo maua yamepona?"

"Leo itanyesha," alisema Eliécer. Hakukuwa na wingu hata moja.

"Umekonda, mzee."

"Mama yako ananinyima chakula."

"Muongo huyo!" alisema Etelvina kutoka mlangoni.

Marelvis alicheka mpaka kiti kikatoa mlio. Walizungumza habari za famasi, za jirani aliyenunua kasuku asiyetaka kusema. Dakika ya tano ilipita. Eliécer aliinamisha kichwa, akatazama sakafu.

"Ile Ijumaa uliyoanza kukohoa," alisema, "nilisema unywe maji ya moto ya sukari guru na ndimu. Nilisema hospitali ni Jumatatu. Mama yako alikuwa ameshavaa viatu, Marelvis. Nikamwambia avue."

Kiti kiliacha kubembea. Marelvis aliuchukua mkono wa baba yake uliolowa, akaushika kwa mikono miwili.

"Baba," alisema, "mimi ile Ijumaa..."

Feni iliacha kukoroma. Skrini ikawa nyeusi. Eliécer alipoinua uso, mkono wake ulikuwa peke yake juu ya goti.

Dagoberto alihangaika na mashine ile wiki mbili. Alibadilisha kifaa kilichoungua, ikawaka, lakini kwa kuwa ilikuwa na kifaa kigeni ndani ilijiona mashine nyingine, ikaomba ruhusa dukani upya. Duka halikuwepo. Kila wimbo ulikuwa mahali pake, hakuna uliokuwa ukilia. Eliécer aliununua tena ule wa dakika tisa kwenye duka jingine. Ulisikika safi sana, kila ala peke yake. Aliusikiliza wote akiwa ameelekea mlango wa jikoni. Hakutoka mtu.

Sasa saa kumi jioni wanawasha mashine mpya. Marelvis anakuja, anaketi, anaimba. Etelvina anashona mavazi ya kanivali na kuvuta miguu kumpisha anapopita. Eliécer anasogeza kiti chake karibu na cha binti yake, anamsimulia ile Ijumaa toka mwanzo, haruki kitu. Marelvis anatazama nje. Wimbo ukiisha, baba anachagua mwingine, anaanza upya.

"Mwache, Baba Marelvis," Etelvina alimwambia siku moja. "Hasikii."

"Alitaka kuniambia kitu."

"Najua. Nilimsikia."

Eliécer alisubiri wimbo uishe na kiti kiwe kitupu.

"Siku ile, nilipokuwa nimeinama," alisema. "Uso wake ulikuwaje? Alikuwa amekasirika?"

Etelvina alikata uzi kwa meno.

"Sikuuona," alisema. "Nilikuwa nyuma yake."