Jalada la Kwaya

Mwaka 1994 kaseti zilikuwa zimejaa Mwanza hadi kwenye vibanda vya nyanya, na mzee Noorali, mwenye duka la muziki, akaamua kuzimaliza santuri zake kuukuu kwa bei ya kutupa. Modesta alipita dukani kumtafutia mama yake nyimbo za kanisani. Gramafoni ya nyumbani kwao Igogo ilikuwa bado inazunguka, ingawa kwa kujikongoja.

Alipofika katikati ya rundo akaona mwandiko wa marehemu baba yake kwenye jalada la kwaya. Baba alikuwa katekista, na kila jalada la santuri aliliandika jina lake. Alipofariki, ziliuzwa zote hapohapo kwa Noorali.

"Kwaya nzuri hiyo, mama," Noorali alisema. "Niijaribu?"

Modesta alikwisha kuichomoa. Haikuwa kwaya. Ilikuwa ile santuri ya dansi, yenye duara la buluu na mkwaruzo kwenye wimbo wa tatu, ambayo yeye na kaka yake Kija waliinunua kwa kuchuma pamba za watu msimu mzima. Wakati huo Modesta alikuwa na miaka kumi na mitano, na aliipenda kuliko kitu chochote alichowahi kushika.

"Usiijaribu, mzee," alisema. "Naijua."

Ndipo akakumbuka. Baba alikuwa safarini vigangoni, kwenye makanisa madogo ya vijijini, mvua ikamrudisha ghafla, na yeye mwenyewe Modesta, kwa hofu ya fimbo, maana dansi ilikatazwa nyumbani, akaichomeka santuri kwenye jalada lililokuwa karibu, lililobaki tupu tangu santuri yake ivunjike. Kesho yake akaenda shule ya bweni. Aliporudi Desemba alikuta jalada la dansi tupu na Kija ana viatu vipya. Hakuuliza mara mbili. Alimwita mwizi, Kija akakana, na tangu siku ile akamnyima shikamoo.

Kija alimzidi miaka minne. Kwenye harusi, hata kwenye msiba wa baba, Modesta alimpa mkono na kusema "habari" mbele za watu, na kwa kaka mtu huko ni kuvuliwa nguo. Alifanya hivyo miaka ishirini. Pale dukani aliona aibu, akailipia santuri bila kupatana bei.

Hakurudi Igogo. Alikwenda moja kwa moja soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, akamkuta Kija amekaa juu ya mzani mbovu akishona magunia ya dagaa. Akamwekea santuri mapajani, ndani ya jalada la kwaya.

Kija aliichomoa nusu, akaona duara la buluu. Akapitisha ukucha kwenye mkwaruzo, taratibu, kisha akasoma mwandiko wa baba.

"Niliificha mimi," Modesta alisema. "Nikasahau."

Kija aliinamia jalada. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi ambazo Modesta hakuwa amezitazama hata siku moja. Modesta akapiga goti kwenye magamba ya samaki, wachuuzi wakiangalia.

"Shikamoo, kaka."

Sindano ya magunia ilimdondoka Kija. Machozi yalimlenga.

"Marahaba," alisema. Kisha akasema tena, "Marahaba," na tena, na tena, kana kwamba anazijibu shikamoo zote alizonyimwa.