Nukta za Rangi ya Kucha

Kap! Gizani, kabla hakujapambazuka, kitu kidogo kiligonga sebuleni. Mama Pipi akafumbua jicho moja. Kifuniko cha chupa ya chai hicho, akajisemea. Mume wake haishi kiu. Akajigeuza, akaendelea kulala kwa raha zake, maana siku aliyoisubiri ilikuwa imewadia.

Ilikuwa siku ya kiti. Alikuwa amekiunda mwenyewe hapo sebuleni, kando ya godoro la mwanawe, kila akitoka masomo ya jioni ya umeme: kiti cha gari bovu juu ya fremu ya mbao, na chini yake mota mbili za waipa, zile za kufutia vioo vya gari. Mwanafunzi wa udereva angekikalia mbele ya skrini: ukikanyaga breki za gari lililo kwenye skrini, kiti kinainama mbele. Ukikata kona, kinalala ubavu. Mwenye shule ya udereva alikuwa anakuja kukijaribu. Kikimridhisha, mama Pipi anapata kazi kwenye karakana ya shule.

Kukitia adabu ndiko kulikomtoa jasho. Ubao mdogo wa umeme unaoendesha mota ulikuwa na vijiti viwili vya kuzungusha, kama vya redio. Kimoja cha nguvu: ukikipunguza, kiti kinajikokota, hakifiki kilikoagizwa, ukikizidisha, kinapitiliza, kinarudi, kinapitiliza tena, mwisho kinatetemeka kama mwenye homa. Cha pili kilikuwa cha kukituliza. Alivibembeleza majuma mazima, upana wa unywele kwa upana wa unywele, mpaka kiti kikawa kinafika na kutulia tuli. Hapo akatia nukta ya rangi ya kucha kwenye kofia ya plastiki ya kila kijiti, na nyingine kwenye ubao, zitazamane.

"Injinia wangu," mumewe alizoea kumwambia kutoka kwenye kochi, aliloligeuza makazi tangu lori lake lipewe dereva mwingine. "Wewe ukibeba bisibisi mkobani, mimi nibebe nini? Mtoto mgongoni?"

"Utabeba mshahara wangu, baba Pipi," alimjibu siku moja, akicheka.

Mwenzake hakucheka.

Mwenye shule akaja, mtu mnene wa haraka haraka, akavua viatu mlangoni. Mama Pipi akatupia macho nukta: zinatazamana. Akaunganisha betri.

Mgeni akaketi, lakini hakufika hata kona ya kwanza. Kiti kilimrusha mbele, kikamvuta nyuma, kikamtikisa mpaka miwani ikamruka na meno yakagongana.

"Zima! Zima, mama, utaniua!"

"Pole, bosi," mume akasema, akijipiga paja kwa kicheko. "Nilimwambia huyu abaki na sufuria zake."

Mama Pipi akazima. Alipogusa kofia ya kijiti cha nguvu, ikamchomokea mkononi. Chini yake, kijiti kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho. Kofia ilikuwa imechomolewa kwanza, kisha ikarudishwa juu yake, nukta mahali pake. Na humu ndani kofia hizo anazichomoa nani, kama si Pipi? Si ndiye aliyewahi kuzifanya magurudumu ya gari lake la boksi? Hakujiuliza mtoto mdogo vile angewezaje kuirudisha sawasawa.

"Wewe!"

Kofi likamtua Pipi, aliyekuwa amekaa kwenye godoro lake. Lilikuwa la kwanza maishani mwa mtoto yule. Hakulia. Alishika shavu, akamtazama baba yake, akisubiri.

Baba akatikisa kichwa taratibu, kama mtu mwenye majonzi. "Mtundu sana huyu. Muongeze la pili, mke wangu, ashike adabu."

Mkono ukapanda. Mlangoni, mgeni alikuwa ameshavaa kiatu kimoja.

"Baba ndiye aliyezungusha gizani," Pipi akasema.