Kizibo cha Mwenyekiti

Kijiwe cha bodaboda cha Misugusugu kilikuwa na mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa na majibu. Maswali hayakuwa ya lazima. Nathanael alitoka katika familia ya wafugaji walioshuka Pwani na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na ingawa yeye aliiacha fimbo zamani akakamata usukani, bado alikagua pikipiki kama baba yake alivyokagua fahali mnadani. Anaizunguka mara moja, anaipiga kofi kwenye tangi, anatoa hukumu.

Neno alilolichukia kuliko matusi yote ni "inapumua." Ubavuni mwa injini hutoka kimpira chembamba cha kutolea hewa ya ndani, na fundi akiweka kiganja kwenye mdomo wa kimpira hicho, akatikisa kichwa na kusema "hii inapumua," amekuvua nguo barabarani. Maana yake injini imechoka, jiandae kuifungua. Msimu mmoja wa masika, pikipiki ya mwenyekiti ilianza kutoa hapo moshi mwepesi na matone ya oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Muuguzi mmoja aliyempakia kutoka hospitali ya Tumbi akashuka na doa kwenye sare yake nyeupe, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza mahindi, "Mwenyekiti, na hii yako inapumua?"

Watu walicheka. Ni kicheko hicho tu, wala si kingine, kilicholeta balaa lote lililofuata.

Kesho yake Nathanael alifika kijiweni na vipande vya mviringo alivyovikata kwenye ndala zake za bluu. "Tundu linatoa oili, unaliziba," alisema. "Mnamsubiri nani awaambie, Mjapani? Mmeona wapi chuma kikapumua?" Akachomeka kizibo kwenye kimpira chake, akakikaza kwa kipande cha tyubu. Moshi ukakoma, matone yakakoma. Kijiwe kikapiga makofi, kila mmoja akajipatia kipande chake cha ndala, na hakuna aliyejiuliza kwa nini kiwandani walihangaika kutengeneza tundu la bure.

Saida hakuwepo siku hiyo. Alikuwa kwao Kisarawe kwenye arobaini ya babu yake. Alikuwa mwanamke pekee pale kijiweni, na reflekta, ile fulana ya kung'aa yenye jina la kijiwe, hakupewa kirahisi. Aliisotea mpaka wakachoka kumkatalia. Bila reflekta hiyo hupakii abiria Misugusugu, utafukuzwa kama kuku. Na kule Kisarawe kaka yake Shomari alikuwa anasubiri kwa hamu wamfukuze, maana alishasema mbele ya mama yao, Bi Mwanaamina, kwamba siku hiyo pikipiki itarudi nyumbani na itaendeshwa na mwanamume. Saida alikuwa radhi kula vumbi la barabara ya Morogoro maisha yake yote kuliko kumpa Shomari raha hiyo.

Aliporudi alikuta kijiwe kinanuka gereji. Chini ya kila pikipiki palikuwa na kidimbwi cheusi. Oili ilikuwa inatokea kwenye sili ya sproketi ya mbele, kwenye pedeli ya gia, kwenye gasketi chini ya silinda, kila mahali palipokuwa na upenyo. Kila asubuhi watu walichomoa stiki ya kupimia oili, wakaikuta kavu, wakatukana, wakajaza. Kwanza walisema oili ya duka la Yassin ni feki. Wakahamia duka jingine, oili ikaendelea kutoka. Faustine, aliyependa kuonekana amesoma, akasema ni joto la dunia. Kizibo hakuna aliyekitilia shaka, kwa sababu kizibo chenyewe kilikuwa kikavu.

Ndipo Badru, mmoja wa madereva, alipoinama chini ya pikipiki ya Saida, akapapasa, akatoa kidole kikiwa kisafi.

Kikao kiliitwa papo hapo. "Oili ya kijiwe kizima inapotea," alisema mwenyekiti, "ya mtu mmoja ipo. Hapo kuna haja ya kwenda shule?"

"Unataka kusema nawaibia?" Saida aliuliza. "Naichukulia wapi, mwenyekiti? Kwa mrija?"

"Sijasema unaiba. Nimesema tu kwamba kuna mtu wa Kisarawe hapa."

Wengine wakatazama chini, wengine wakasogea kando kidogo, wakijifanya wanakwepa jua. Watu aliokunywa nao chai, aliowakopesha pampu na spana, leo walikuwa wanamwogopa kama mchawi kwa sababu pikipiki yake ni safi.

"Wenzako wote wameziba," alimalizia mwenyekiti. "Wewe hujaziba. Kizibo, au urudishe reflekta."

Tusimpambe Saida. Hakukataa kizibo kwa sababu alijua chochote kuhusu injini. Alikataa kwa sababu aliwahi kuziona zile ndala miguuni mwa mwenyekiti kabla hazijakatwa, zikielekea chooni. Zingekuwa mpya angeziba pamoja nao, na leo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini reflekta ni reflekta. Akamwacha mwenyekiti aiinamie pikipiki yake na kuikaba pumzi mbele ya kijiwe kizima.

Siku hiyohiyo alipata abiria wa Kisarawe. Walipoiacha Kiluvya nyuma na kuanza kupanda milima, alihisi ujotojoto kwenye kiatu cha kushoto. Aliporudi jioni kiatu kilikuwa cheusi chote, kimelowa oili mpaka kwenye soksi. Basi kijiwe kilifurahi! Badru alimpa mkono. Faustine alimnunulia chai na chapati mbili. "Sasa wewe ni mwenzetu," walisema, na walisema kwa moyo mweupe kabisa, ndicho kilichomuudhi zaidi. Saida alicheka nao, huku akitamani kuwamwagia chai ile usoni.

Kwa furaha hiyo mwenyekiti akaanza kusimulia mambo ya utotoni mwake. Kulikuwa na fahali mmoja wa baba yake, alisema, aliyevamia shamba la maharage mabichi yenye umande, akala mpaka akavimba. Ubavu ulikaza, macho yakatoka, akalala chini. "Baba hakubabaika. Alichukua kisu, akampima hapa," na Nathanael akagusa ubavu wake wa kushoto, "akachoma! Hewa ikatoka fyuuu. Fahali akainuka, akaenda kunywa maji. Hewa ikikosa pa kutokea, jamani, inapasua ndani kwa ndani."

Wote wakaguna kwa kumstahi. Saida alikitazama kiatu chake. Akakitazama kile kimpira chenye kizibo cha bluu. Akamtazama mwenyekiti, aliyekuwa bado anaonyesha kwa kidole mahali kisu kinapoingilia. Akamaliza chai yake, akaaga.

Nyumbani aliweka msumari mnene kwenye jiko la mkaa mpaka ukawa mwekundu, akakitoboa kizibo katikati, akakirudisha na kukikaza na tyubu yake vilevile. Mdomo wa kimpira akaugeuzia chini, nyuma ya chasisi, matone machache yadondoke kwa adabu. Anayepita angeona kizibo cha mwenyekiti kiko mahali pake, na injini ilikuwa inapumua. Kiatu kikabaki kikavu, na stiki ikatoka na oili yake kila asubuhi.

Badru ndiye aliyegundua kwanza. Alimfuata mpaka nyumbani, akajifanya anaulizia maji ya kunywa.

"Dada Saida, mbona kwako pakavu tena?"

"Una kizibo chako hapo? Lete."

Msumari ukaingia motoni. Badru aliponusa ndala inavyoungua aliangalia nyuma yake. "Ila usimwambie mtu," alisema.

Akaja Faustine, akaeleza kwa kirefu kwamba yeye alishaligundua jambo hilo kinadharia. Akatobolewa. "Usimwambie mtu." Wakaja wengine, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja na siri yake ileile. Vidimbwi vikakauka kijiweni, na watu wakaendelea kuinama kila asubuhi kukigusa kizibo mwenyekiti akiwaona.

Mwenyekiti akaitisha kikao cha ushindi. "Niliwaambia mvumilie," alisema. "Dawa huanza kwa kuumiza." Walimpigia makofi mpaka muuza mahindi akageuka kutazama. Saida alipiga ya nguvu kuliko wote.

Pikipiki moja tu ndiyo iliyobaki inavuja. Nathanael aliiosha kwa dizeli kabla watu hawajaamka, na oili alirudi kuinunua kwa Yassin, akisema anamchukulia shemeji. Angemuuliza nani? Mtu aliyekwisha kupigiwa makofi hana tena wa kumuuliza.

Siku moja Saida alimkuta katika barabara ya Kisarawe, ng'ambo kidogo ya Mpuyani, ameketi kwenye nyasi. Pikipiki ilikuwa imesimama kando yake, injini inanuka chuma kilichoungua.

"Shikamoo mwenyekiti. Imenoki? Injini imekufa?"

"Marahaba. Imepumzika tu."

Waliisukuma mpaka kwenye nyumba ya jirani wakaiacha hapo, naye akapanda nyuma ya Saida. Kutoka Kiluvya mpaka Tumbi alikuwa anainama mara mojamoja kutazama chini ya injini, palipokuwa na vumbi jekundu kavu na kizibo cha bluu chenye tundu lililoungua kingo. Walipokaribia Kongowe alimsogelea sikioni.

"Saida. Una msumari?"

Saida nusura aachie usukani. "Msumari wa nini?"

"Unajua wa nini. Nitaifungua upya ile injini. Ila usimwambie mtu."

"Nimwambie nani, mwenyekiti? Ulikuwa umebaki wewe tu."

Aliisikia mgongoni kwake pumzi ndefu ikimtoka mwenyekiti. "Wote?" aliuliza. "Hata Badru?"

"Badru alikuwa wa kwanza."

"Nishushe hapa Kongowe," alisema baadaye. "Nitembee kidogo."

"Sisimami Kongowe. Uliniita mtu wa Kisarawe mbele za watu. Utanisafisha mbele zao."

Akaongeza mwendo, na Misugusugu alifika akipiga honi kama anayeleta bibi harusi. Kijiwe kizima kikasimama. Mwenyekiti alishuka taratibu, suruali imechafuka oili mpaka magotini, akabaki ameishika sehemu ya nyuma ya kiti kana kwamba hajafika.

"Saida hakuchukua oili ya mtu," alisema. "Hakuwahi."

Faustine alianza kufuta kioo cha pikipiki yake, na wengine walisogeza miguu kidogo, kuvificha vile vimpira.

"Na chombo chako kiko wapi, mwenyekiti?" Badru aliuliza hatimaye. "Kimepata nini?"

Nathanael alimtazama Saida, akaitazama reflekta yake, akawatazama wote mmojammoja.

"Kilikuwa hakipumui," alisema.