Kumfungua Mdhamini

"Mama Faridi, mbona haraka? Bado una miezi minane ya kulipa," aliniambia Amna, karani wa SACCOS yetu hapa Nachingwea. "Hakuna anayekukimbiza."

"Najikimbiza mwenyewe, mwanangu. Pokea kabla moyo haujageuka."

Akacheka. Alidhani natania. Mdomo wangu umeniponza hivyo: hata nikilia, watu hushika mbavu.

Safari ya nyumba niliyokuwa naimalizia deni ilianzia Ruangwa, alikoniacha mume wangu Bashiri. Tuligawana vizuri: yeye alichukua nyumba, mimi nikachukua talaka. Nikarudi kwetu na mtoto na godoro. Nikakaanga chapati karibu na shule, nikalima ufuta kijijini Lionja, nikajiunga na chama, nikaweka akiba kidogo kidogo mpaka nikathubutu kuomba mkopo wa kujenga. Kamati ikataka mdhamini. Wanachama wenzangu, wakulima wa Lionja niliozoea kucheka nao, ghafla wote wakawa na shughuli ya kutazama viatu vyao.

Akasimama Octavian, mwalimu mgeni kutoka Bukoba, mteja niliyekuwa namtania kila asubuhi kwamba Wahaya hata chapati huila kwa Kiingereza.

"Namdhamini mimi," alisema. "Huyu akilala nje, sisi tutakula wapi?"

Kwa utaratibu wetu, akiba ya mdhamini hufungwa mpaka mkopo uishe. Alilijua hilo. Kila Jumamosi alikuja kukagua ujenzi, akibonyeza tofali kama mtu anayechagua parachichi. Kenchi za paa zilipopanda, akamwambia fundi Tomasi aongeze baraza kidogo, patoshe viti viwili. Hakusema vya nani. Mimi, msemaji wa mtaa mzima, nikajifanya nahesabu misumari.

Mwaka jana mama yake aliugua, akaomba uhamisho kurudi kwao. Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi simu yangu ililia.

"Mdaiwa, hujambo?"

"Sijambo, mdhamini. Umenikumbuka mimi au akiba yako?"

"Akiba."

Halafu tunaongea mpaka sikio linapata joto.

Mwezi wa sita ikamponyoka kwamba bati za mama yake zimeoza, na mvua za kwao hazijui msimu. Kila ikinyesha anahamisha kitanda cha mgonjwa. Pesa ya bati alikuwa nayo: ilikuwa imelala chini ya nyumba yangu. Hakulisema hilo, wala mimi sikulisema. Nikasubiri mnada wa ufuta, shamba langu la Lionja likanilipa, nikaenda kwa Amna.

Jioni ileile Octavian akapiga, ingawa mwezi ulikuwa bado mbichi.

"Wamenifungulia akiba. Mbona hukuniambia?"

"Ungenizuia."

"Ningekuzuia," alisema taratibu.

"Nunua bati nene," nikamwambia. "Nyembamba zina kelele, mama hatalala."

Akaitikia. Kisha kila mmoja akamsubiri mwenzake aseme mwezi ukiisha tutapigiana kwa sababu gani. Upande wake nilisikia kuku, na mtu akikohoa ndani.

Nikamwambia mboga inaungua, ngoja niwahi. Sikuwa nimewasha moto.