Upepo wa Saa Tisa

Kasmir alikuwa akila andazi la tatu la Albina, mfanyabiashara mwenzake, mafuta yakimtiririka kidevuni, alipomnyooshea Herieth peja yake.

"Soma, mwalimu."

Kila asubuhi, kabla wafanyabiashara wa ghorofa ile ya mtaa wa Sanyuanli, huko kwa Wachina, hawajatawanyika, kidude kile kilileta utabiri wa hali ya hewa kwa Kichina. Herieth, aliyesoma miaka minne chuoni Wuhan na sasa alikuwa mkalimani wa Kasmir, ndiye aliyewasomea wote. Walimwamini kuliko anga. Na anga la asubuhi ile lilikuwa la kudanganya: jua kali na joto la kunata, ingawa Novemba ilishaingia.

"Hewa baridi inashuka kutoka kaskazini," alisoma kwa sauti yake ndogo. "Saa tisa alasiri upepo mkali, kisha mvua. Joto litashuka kutoka nyuzi ishirini na nane hadi kumi na tatu."

Kasmir aliacha kutafuna. Akatazama mlangoni, akaramba vidole kimoja kimoja.

"Dada Albina akiuliza, mwambie jua mpaka kesho."

Herieth alielewa papo hapo. Kasmir na Albina walikodi kontena moja, la kupakiwa kesho. Marobota ya Albina, sweta za watoto, yalikuwa nje kwenye uwanja wa wakala wa mizigo, hayana turubai. Robota lililolowa halipakiwi, maana litaota ukungu baharini na kuharibu mengine. Na Kasmir alikuwa na jinzi za ziada zilizokosa nafasi.

"Lakini kaka Kasmir..."

"Lakini nini? Simwibii mtu. Mvua ni ya Mungu." Alitabasamu, kipande cha andazi kimemganda kwenye jino. "Halafu pasi yako ya kusafiria ninayo mimi, viza yako bado haijatoka. Nakukumbusha tu."

Albina akaingia, mkoba begani, tayari kwenda sokoni Guangyuan Xilu. "Mwanangu, kidude kinasemaje? Nikafunike mzigo au niende zangu?"

Herieth alitazama sakafu. "Jua, mama. Mpaka kesho."

"Mungu akuweke. Na wewe Kasmir, umenimalizia maandazi?"

"Dada yangu, mkono wako una sukari."

Wakacheka wote wawili. Kicheko kile kilimtia Herieth kinyaa kuliko mafuta ya kidevuni. Walipoondoka alisukutua mara tatu, lakini uongo wake ulibaki ulimini kama samli iliyochacha. Alijitazama kwenye kioo cha bafuni, akageuza uso.

Saa nane alikuwa uwanjani, akimwomba bosi wa pale turubai.

"Meiyou," mzee alijibu. Hakuna. Hakuinua macho kwenye chai yake.

Herieth, ambaye sokoni hathubutu hata kuomba apunguziwe bei ya soksi, alisimama mbele yake mpaka chai ikapoa. Mwishowe mzee akaelekeza kidole pembeni. Turubai lilikuwepo, limejaa kinyesi cha panya na maji yaliyooza. Alilivuta kwa mikono mitupu, akijizuia kutapika. Alikuwa hajamaliza kulifunga upepo ulipofika na vumbi na mifuko ya plastiki, kisha baridi ikapenya blauzi yake, kisha mvua.

Albina alikuja mbio, amelowa chapachapa, akamkuta amelala juu ya turubai, ameling'ang'ania.

"Umeniokoa, mwanangu. Wachina na utabiri wao, waongo tu."

"Hata mimi nimeshangaa, dada," alisema Kasmir, aliyekuwa amefika nyuma yake na mwavuli, bila shaka kutazama kama mzigo umelowa. "Kidude kimetudanganya."

Ingemtosha Herieth kuitikia kwa kichwa tu, uongo ukapita. Alimtazama Kasmir, mkavu chini ya mwavuli wake.

"Hakikudanganya," alisema. "Kilisema mvua saa tisa. Kaka Kasmir alitaka yalowe, jinzi zake zipate nafasi. Akanitishia pasi yangu, nami nikakubali."

"Baridi imempanda kichwani mtoto huyu," Kasmir alisema.

Albina hakumgeukia. Alimtazama Herieth, maji yakimdondoka usoni.

"Huyu Kasmir namjua," alisema. "Wewe ndiye niliyekuwa sikujui."

Akaokota tofali, akaligandamiza kwenye ukingo wa turubai. Herieth akashika ukingo wa pili.