Simu Iliyomgomea Gundi

Fundi viatu wa kona ya posta hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Gundi, kwa kuwa miaka thelathini ya kubandika soli ilikuwa imemwachia vidole vigumu, vya kahawia, vinavyong'aa. Jina halikumuudhi. Kilichomuudhi Jumamosi ile ni simu.

Alipewa na mpwa wake, baada ya ile ya vitufe kufa kifo cha uzee. Hii ilikuwa ya kioo, na tangu siku ya kwanza ilimgomea. Bintiye alipopiga, Gundi alitelezesha kidole kama alivyofundishwa. Simu ikaendelea kulia. Akabonyeza kwa nguvu, kama anavyobonyeza kisigino kishike. Simu ikalia weee mpaka ikachoka. Mara tano hivyo. Asubuhi ile ukaja ujumbe, ukajitokeza wenyewe juu ya kioo: "Baba, kama bado una hasira, basi. Sitakusumbua tena."

Hasira zilikuwepo, si uongo. Miezi miwili nyuma, binti alipopata kazi mji wa mbali, Gundi alimwambia akienda asirudi. Ulimi hauna mfupa. Basi lilikuwa halijamaliza hata kona, naye ameshajuta. Lakini angemwombaje mpwa au jirani ampigie? Mambo ya ndani hayaanikwi nje. Akafunga kibanda mchana kweupe, akaenda kutafuta simu yenye adabu.

Duka la kwanza lilikuwa na kiyoyozi na kijana mwenye viatu vya ncha kali. Gundi huanza kumsoma mtu miguuni, ndiyo desturi ya kazi yake, akaona viatu vimepigwa rangi mbele tu, visigino vimesahauliwa. Kijana naye alimsoma, akaanzia vidoleni na kuishia hapohapo.

"Mzee, hizo usishike. Za bei nafuu ziko kule mwisho."

"Mbona sijauliza bei?"

"Najua," kijana akasema, akarudi kuchezea simu yake mwenyewe.

Duka la pili lilimpokea kama bwana harusi. Msichana mwenye kucha ndefu na maneno ya asali alimwita baba yangu mara nne kabla hajakaa sawasawa, akamletea simu ya kamera tatu.

"Hii inapiga picha hadi gizani, baba yangu. Hata ikitumbukia majini, inaogelea!"

Gundi hakuwa na safari ya kuogelea. "Inapokewaje?"

"Rahisi mno! Hivi." Akatelezesha mwenyewe. "Na kupiga ni hivi." Akapiga mwenyewe.

Gundi akanyoosha kidole chake. Kioo kikamtazama tu.

"Utazoea, baba yangu," msichana akasema, huku ameshaanza kuirudisha kwenye boksi tayari kwa kuuzwa.

Gundi akaaga, akatoka. Kumbe simu zote ni zilezile. Basi mjinga ni yeye. Hilo lilimchoma kuliko dharau za yule kijana, maana akili haziuzwi dukani, na huko aliko mwanawe anaamini ametupwa.

La tatu lilikuwa kijiduka cha mlango mmoja, kimebanwa kati ya kinyozi na muuza mashuka. Ndani alikaa mama mwenye miwani. Ndara zake zilikuwa zimeshonwa upya kwa uzi wa nailoni, mshono safi. Gundi akapata moyo kidogo.

"Nataka simu."

"Kwani hiyo uliyonayo ina nini?"

Swali hilo hakuwa ameulizwa popote. "Hainisikii," akasema, akaona aibu.

Mama hakuijali aibu hiyo. "Hebu ibonyeze nikuone."

Akabonyeza. Mama hakutazama simu, alitazama mkono. Akaushika, akasugua ncha ya kidole taratibu. "Kaka yangu, hapa kuna gundi juu ya sugu, sugu juu ya gundi. Kioo kinataka kuguswa na ngozi, na vidole vyako vimevaa viatu! Kunja kimoja, gusa kwa kifundo."

Gundi akagonga kama anayebisha hodi. Simu ikafunguka. Akaangua kicheko hadi kinyozi akachungulia.

"Sasa wewe utauza nini?"

"Mtu akikuletea kiatu kilichofumuka uzi, unamuuzia kipya?"

"Nashona uzi."

"Haya. Piga unakotaka kupiga."

Gundi akagusa jina la bintiye kwa kifundo. Ikalia mara moja tu.

"Baba?" Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu aliyejiandaa kuumizwa.

Mama akakumbuka ghafla kwamba kioo cha nje kina vumbi, akatoka na kitambaa.

"Mwanangu, sikukunyamazia. Vidole vyangu ndivyo vilivyonikwamisha. Na lile neno nililokwambia, nilikosea. Nilikosea kabisa. Hapa ni kwenu, uje siku yoyote."

Kule kikasikika kilio, kisha kicheko chenye mafua. Mama aliporudi, baba na binti walikuwa wameshafika kwenye habari za mwenye nyumba wa binti, anayefunga maji saa mbili.

"Haya baba, naingia kazini. Kata."

"Kata wewe."

"Wewe ndiye uliyepiga!"

Mama akanyoosha mkono. "Lete nikuonyeshe pa kukatia."

Gundi akaikumbatia simu kifuani. "Kupiga nimejua, kupokea utanifundisha," akasema. "Hilo la kukata sina haja nalo."